Pasaka ya siku saba, Pasaka ya siku nane

Jerusalem Pasaka ya Wayahudi ni siku saba, Toronto ni nane. Torati yao ni moja, mwezi ni uleule, na kalenda yao ishapigwa hesabu karne na karne mbele, ukitaka kujua Pasaka ya 2060 inaingia lini unashika simu tu unaangalia, hakuna anayetoka nje jioni kutazama mwezi. Sasa hiyo siku ya nane imetoka wapi, na kwa nini mpaka leo watu wazima na akili zao hawaendi kazini, hawawashi taa, hawaendeshi gari, mkate hawagusi, siku ambayo wenzao Jerusalem washarudi kwa shughuli zao na wengine wako foleni ya pizza?

Mi ni mtu wa Mombasa, Muislamu, na kazi yangu huku Toronto ni kutunza mzee mmoja Myahudi, Myahudi wa kushika dini kisawasawa, anakaa upande wa Bathurst. Zamani alikuwa mwalimu, ni mtu ukimuuliza swali anasahau maumivu yote, kwa hivyo mi namuuliza. Pasaka iliyopita alikuja mjukuu wake wa kike anayeishi Jerusalem na hapo ndo kizaazaa, manake nyumba moja, meza moja, na watu wana hesabu mbili.

Usiku wa kwanza wakafanya Sederi, ile karamu ya kusimulia kutoka Misri. Usiku wa pili wakaanza upya kila kitu, vikombe vinne vya divai, mboga chungu, matza, ule mkate usiochachuka, watoto wakauliza maswali yaleyale waliyouliza jana kama vile jibu walisahau, na stori ya Farao ikaenda mpaka usiku wa manane. Mjukuu kakaa pale anaimba na wenzake lakini zile baraka za siku hatamki, kwa sababu kwake sikukuu ya kwanza ilipita jana, leo yuko kwenye siku za katikati. Ilipofika siku ya nane ndo nikashangaa zaidi. Kwa hesabu yake Pasaka ilikwisha jana jioni, ila kavaa nguo za sikukuu, mkate hali, simu hashiki. Nikamuuliza kwani wewe si umemaliza? Akasema nimemaliza, lakini niko kwa watu. Sheria yao iko hivyo, mtu wa Nchi ya Israeli akiwa mgeni huku nje asionekane anafanya kazi siku hiyo ya ziada, isije ikazua ugomvi. Anasali zake sala za siku ya kawaida, kimyakimya, basi.

Kuelewa hii kitu inabidi urudi nyuma kabla ya kalenda, na hapa msomaji wangu wa pwani huhitaji kuelezwa sana, we unaijua. Mwezi wa Kiyahudi ni wa kuandama kama wetu, siku 29 au 30, na zamani haukuanza mpaka mashahidi wauone wafike mbele ya mahakama ya marabi Jerusalem, wahojiwe mmojammoja, waliuona vipi, upande gani wa jua, urefu gani kutoka chini, umeelekea wapi. Mishna, kitabu chao cha zamani cha sheria za marabi, inasema kulikuwa na ua mkubwa Jerusalem mashahidi wanapokusanyika, na wanaandaliwa vyakula vya nguvu ili wazoee kuja. Hiyo mi nimeipenda sana. Kwetu mtu akija kusema kaona mwezi tunaanza kwanza kuuliza huyu anavaa miwani au havai.

Mahakama ikishatangaza, habari inatakiwa ifike kwa Wayahudi wote mpaka Babeli, Iraki ya leo. Njia ya kwanza ilikuwa moto. Wanafunga kwenye mti mrefu matete na kuni za mafuta na kitani, mtu anapanda Mlima wa Mizeituni anawasha, anaupeperusha huku na huku, juu na chini, mpaka amwone mwenzake wa mlima wa pili, Sartaba, anafanya vilevile, na wa tatu, na wa nne, mpaka yule wa mwisho aone nchi ya uhamishoni yote mbele yake inawaka kama moto mmoja. Mbiu ya usiku mmoja bila bando. Halafu wakatokea Wasamaria, waliokuwa hawapatani nao kwa mambo ya dini, wakawa wanawasha moto wa uongo siku isiyokuwa yake, hesabu ikavurugika. Marabi wakauacha moto wakaanza kutuma wajumbe kwa miguu.

Sasa mjumbe ana mwendo wake. Pasaka inaingia usiku wa tarehe 15, kwa hivyo mji uliofikiwa kabla ya hapo unajua hakika, unakaa siku moja. Mji wa mbali haujui kama mwezi uliopita ulikuwa wa 29 au wa 30, shaka ni ya siku moja tu, wakaamua basi tutakaa siku mbili, moja kati ya hizo lazima ndiyo. Hapo ndo ilipozaliwa siku ya pili ya ughaibuni, na siku ya nane ya Pasaka ni shaka hiyohiyo ikifika mwisho. Hakuna siri yoyote, ni shaka ya watu walioko mbali na kadhi.

Ila marabi hawakuishia hapo, wakaifikisha hii shaka mpaka kwenye yai. Kuna kitabu kizima cha Talmudi, ule mkusanyiko wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, jina lake ni Yai, Beitza, na kinaanza na swali la kuku aliyetaga siku ya sikukuu, yai linalika siku hiyo au halilika? Shule ya Shamai, ambayo kwa kawaida ndo kali, ikasema linalika. Shule ya Hillel ikasema halilika, na ndo wanaofuatwa. Haya. Sasa uko Babeli unakaa siku mbili kwa sababu ya shaka, kuku katotoa, samahani, kataga siku ya kwanza. Siku ya pili unaweza kulila? Jibu ni ndiyo, na hesabu yake ni tamu: kama siku ya kwanza ndiyo ilikuwa sikukuu ya kweli, basi leo ni siku ya kawaida, kula. Kama leo ndiyo sikukuu ya kweli, basi jana ilikuwa siku ya kawaida na yai lilitagwa siku ya kawaida, kula. Vyovyote utakavyoipindua yai ni lako. Kwa hiyo wanaikaa siku ya pili kwa baraka zote na nguo zote na mvinyo wote, lakini ndani ya sheria kuna sehemu bado inakumbuka kwamba moja kati ya hizi siku mbili ni ya uongo.

Isipokuwa Rosh Hashana, mwaka mpya. Hapo yai halilika siku zote mbili, na hata Jerusalem leo wanakaa siku mbili. Sababu, Rosh Hashana iko tarehe mosi yenyewe, hakuna nafasi ya kutuma mjumbe yeyote, hata mtu anayekaa nyuma ya mahakama hajui mpaka shahidi atokee. Siku moja mashahidi walichelewa sana kufika Hekaluni mpaka Walawi wakavurugikiwa na wimbo wa sadaka ya alasiri, hawajui waimbe wa siku ya kawaida au wa sikukuu. Baada ya hapo ikawekwa sheria, shahidi akija baada ya muda wa alasiri hapokelewi, leo inabaki takatifu na kesho pia. Kwa hiyo siku mbili za Rosh Hashana hazihesabiwi kama shaka, zinahesabiwa kama siku moja ndefu. Pamoja na hayo usiku wa pili wanaweka mezani tunda jipya la msimu au mtu anavaa nguo mpya, ili ile baraka ya kushukuru kwa kufikishwa wakati huu iwe na kitu cha kushikia endapo siku ya pili haistahili baraka yake yenyewe. Mzee alipata komamanga. Nyumba nzima ilinuka samaki na asali, hayo mengine tuyaache.

Na Yom Kipuri, siku ya kufunga, mbona hawafungi siku mbili? Kwa sababu ni saa 25 bila maji na chakula, ukiziunganisha mbili mtu anaweza kufa, wakasema hapana. Ila Talmudi inasema Rava, mmoja wa wakubwa wa Babeli, alikuwa na desturi ya kufunga zote mbili, na kuna mara moja ikaonekana kweli yeye ndo alikuwa sawa. Mwenzake Rav Nahman alifunga siku nzima, jua linakaribia kuzama, anasubiri futari yake, anatokea mtu kutoka safari anamwambia kule Nchi ya Israeli Yom Kipuri ni kesho. Rav Nahman akamtolea maneno makali mpaka yameandikwa kwenye Talmudi. Mi namwelewa kabisa. Nani hajawahi kukaa na sambusa mezani anasubiri tangazo?

Lakini kisa chenyewe cha kukipa muda ni cha Rabban Gamliel na Rabi Yehoshua. Hekalu lishavunjwa na Warumi, baraza la marabi limehamia mji wa Yavne, Rabban Gamliel ndo kiongozi, ana michoro ya mwezi ukutani ghorofani kwake, anawaonyesha mashahidi wasiojua kueleza, uliuona hivi au hivi? Wakaja mashahidi wawili wakasema tuliuona kwa wakati wake, lakini usiku uliofuata, ambapo ulitakiwa uonekane vizuri zaidi, haukuonekana. Rabban Gamliel akawapokea. Rabi Dosa akasema hawa waongo, utashuhudiaje mwanamke kajifungua na kesho yake tumbo limefika menoni? Rabi Yehoshua akasema mi naona maneno ya Dosa ndo sawa.

Na mwezi wenyewe ni wa Tishri, yaani Yom Kipuri inategemea hapo. Rabban Gamliel akapeleka amri kwa Rabi Yehoshua: siku ambayo kwa hesabu yako ni Yom Kipuri, nakuamuru uje kwangu na fimbo yako na pesa zako mkononi. Fikiria hiyo kwa mtu wa dini. Anaambiwa siku takatifu kuliko zote kwa hesabu anayoiamini, abebe fimbo na mkoba asafiri kama anaenda sokoni. Rabi Akiva akamkuta amefadhaika, akamwambia Torati inasema sikukuu za Bwana ni zile mtakazozitangaza nyinyi, kwa wakati wake au si kwa wakati wake, Mungu hana sikukuu nyingine zaidi ya hizo. Talmudi inaongeza: mkikosea, mkifanya makusudi, hata mkidanganywa, mkishatangaza imetangazwa. Halafu Yehoshua akaenda kwa Dosa, yuleyule aliyesema mashahidi ni waongo, na Dosa akamwambia tukianza kuichunguza mahakama ya Rabban Gamliel, itabidi tuchunguze kila mahakama iliyosimama tangu Musa mpaka leo.

Yehoshua akachukua fimbo na pesa akaenda Yavne siku hiyo. Rabban Gamliel akasimama akambusu kichwani, akamwambia karibu kwa amani mwalimu wangu na mwanafunzi wangu, mwalimu kwa elimu, mwanafunzi kwa kuyakubali maneno yangu.

Hapo nilinyamaza kidogo, mzee akadhani nimelala. Sikulala, nilikuwa nafikiria Idi zetu. Mombasa nimekulia nyumba ambayo baba anamsubiri Kadhi Mkuu na mjomba ghorofa ya juu anafuata Saudia, kwa hiyo kuna mwaka biriani inapikwa juu na chini bado tumefunga, harufu inashuka ngazi. Na sisi tuna hoja zetu za kielimu, sio ubishi wa baraza tu. Kuna hadithi ya Kurayb katika Sahih Muslim, alitoka Sham akafika Madina akasema kule tuliuona usiku wa Ijumaa, na Muawiya akafunga na watu wote, Ibn Abbas akamjibu sisi tuliuona usiku wa Jumamosi, tutaendelea mpaka tuuone wenyewe au tutimize thelathini. Yaani kila mji na mwezi wake, wanaosema hivyo wana pa kushikia. Wengine wanasema mwezi ukionekana popote umeonekana. Tofauti na kisa cha Yavne iko hapa: kule swali halikuwa mwezi uko wapi, swali lilikuwa nani ana haki ya kutangaza, na mwezi wenyewe ukitofautiana na mahakama, mahakama ndo inashinda. Kwetu sioni kama hilo linawezekana na sidhani kama nalitaka, kadhi mmoja wa dunia nzima atatoka wapi na nani atambusu mwenzake kichwani. Lakini Rabi Yehoshua ninamheshimu kuliko Rabban Gamliel. Kiongozi kutoa amri ni rahisi, kubeba fimbo siku ile ndo kazi.

Haya, sasa rudi kwenye siku ya nane. Karne ya 4 mambo yakawa magumu chini ya Warumi, na mapokeo yao yanasema Hillel wa Pili, karibu mwaka 359, akaweka hesabu ya kudumu. Tangu hapo hakuna mashahidi. Miaka 19 ina miaka saba ya kuongeza mwezi mzima wa kumi na tatu, ili Pasaka isitoroke kwenye majira ya kuchipua kama Torati ilivyosema mwezi wa Abibu. (Sisi Surat at-Tawba ilikataza kuahirisha miezi, ndo maana Ramadhani yetu inazunguka mwaka mzima, na mzee husema nyinyi mna bahati mnafunga na siku fupi pia.) Hesabu hiyo pia ina vizuizi, Rosh Hashana haiangukii Jumapili, Jumatano wala Ijumaa, kwa sababu Jumatano au Ijumaa ingeileta Yom Kipuri kugusana na Sabato, siku mbili mfululizo huwezi kupika wala kuzika, na Jumapili ingeharibu ile siku ya kupiga matawi mwisho wa Sikukuu ya Vibanda, ingekuwa Sabato. Ona sasa, hata baada ya kuweka hesabu bado sikukuu inasukumwa siku moja mbele kwa ajili ya binadamu. Rabban Gamliel angefurahi.

Kwa hivyo shaka imekwisha. Babeli wanajua tarehe sawasawa na Jerusalem. Na Talmudi yenyewe inauliza, wala si mimi niliyeanza: sasa tunajua kuandama kwa mwezi, kwa nini tunakaa siku mbili? Jibu, kwa sababu walituma ujumbe kutoka kule, yaani Nchi ya Israeli, wakasema jihadharini na desturi ya baba zenu iliyo mikononi mwenu, huenda siku moja serikali ikapiga marufuku na hesabu ikaja kuharibika.

Ukiisoma haraka utasema hiki ni kisingizio. Wengi wameona hivyo. Marabi wa mageuzi Ujerumani walikutana Breslau 1846 wakaruhusu siku ya pili iachwe, na Wayahudi wengi wa mrengo huo mpaka leo wanakaa siku moja popote walipo. Na hata ndani ya wanaoshika, siku ya pili ina sehemu ambazo kwa kweli hazisimami zenyewe. Chukua Shavuoti, Sikukuu ya Majuma. Inahesabiwa siku 50 kutoka Pasaka, na ndani ya siku hizo zote mjumbe hata akiwa kilema ashafika Babeli, tarehe inajulikana, shaka haikuwahi kuwepo hata zamani hizo. Bado wanakaa mbili. Rambam, mwanazuoni wao mkubwa wa karne ya 12, anasema ni ili wasitofautishe sikukuu moja na nyingine. Mi hapo nilimwambia mzee hii yako dhaifu, akacheka akasema watu wangeanza kuuliza hii mbona moja na ile mbona mbili, na ukishafungua mlango huo hakuna sikukuu itakayobaki nzima. Bado naona dhaifu.

Halafu kuna la wageni, na hili kwao ni kama Idi yetu, kila mtu na shehe wake. Kijana wa Toronto anaenda kusoma Jerusalem mwaka mmoja, siku ya pili ya Pasaka basi zinapita, maduka yamefunguliwa, yeye na wenzake wako ndani wanafanya Sederi ya pili. Wengi wa marabi wanasema ndivyo, maana nia yake ni kurudi nyumbani. Hakham Tzvi, rabi mkubwa aliyefariki 1718, alisema hapana, akiwa Nchi ya Israeli anakaa siku moja kama wenyeji, kwa sababu desturi ya ughaibuni ilikuwa ya mahali penye shaka na hapa hapana shaka, hata kuongeza siku ni kosa. Na kuna walioangalia pande zote mbili wakatoa kitu kinaitwa siku na nusu: siku ya pili usifanye kazi zilizokatazwa, lakini sali na kaa kama siku ya kawaida. Siku na nusu! Mjukuu alisema Jerusalem vijana wa nje wakikutana swali la kwanza ni we unakaa ngapi, moja, mbili, au moja na nusu.

Desturi iliyobaki baada ya sababu kuondoka sio hii peke yake, na ya pili ilinigusa mimi tumboni. Pasaka chakula chochote cha zile nafaka tano, ngano na shayiri zikiwemo, kikichachuka ni haramu, hiyo ni Torati. Lakini Wayahudi wa asili ya Ulaya, Ashkenazi, kutoka karne ya 13 huko Ufaransa wakaongeza wali, maharage, dengu, njegere na jamaa zake, kwa kuogopa ngano ichanganyike magunia au watu wachanganye unga na unga. Mahindi yalipokuja kutoka Amerika nayo yakaingizwa kwenye orodha, mmea ambao Musa hakuwahi kuuona. Wayahudi wa Moroko na Yemeni hawakuifuata orodha hiyo yote, kuna vyakula vyake wanavila Pasaka kwa raha zao. Mkwe wa mzee ni wa asili ya Moroko, kwa hiyo unaweza kufikiria meza ilivyo. Rabi mmoja wa karne ya 14, Rabbenu Yeruham, aliiita desturi ya kipumbavu, na imeishi zaidi ya miaka mia sita baada yake bila wasiwasi. Mwaka 2015 kamati ya sheria ya Wayahudi wa mrengo wa Conservative Marekani ikaruhusu. Mzee yeye hataki kusikia. Bila wali, bila maharage, bila ugali, wiki nzima na siku moja juu, mi nikamwambia pwani ungekufa njaa siku ya tatu.

Ila kwenye ile siku ya pili, ile sababu ya serikali kupiga marufuku, mi mwenyewe ndo niliyemletea mzee kitu ambacho hakuwa nacho, na kimetoka kwetu.

Uganda, karibu na Mbale, wako Abayudaya. Mwanzilishi wao Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda, akakosana nao, akasoma Biblia kwa makini yake, na 1919 akajitahiri yeye na wanawe akasema sisi ni Wayahudi. Hakuwa na rabi wala kalenda. Alikuwa na Biblia inayosema tarehe 14 ya mwezi wa kwanza, lakini mwezi wa kwanza ni upi ukiwa Mbale, ambako wakati wa Pasaka ndo masika inaanza? 1920 akapita Myahudi mmoja wa kigeni anaitwa Yosef, akakaa nao, na mambo mengi ya sikukuu na majira yake waliyapata kwake. Mjumbe kwa miguu kabisa, kama wa Mishna, ila alichelewa miaka elfu moja na mia kadhaa.

Miaka hamsini baadaye akaja Idi Amin. Dini ya Kiyahudi ikapigwa marufuku, masinagogi yakafungwa, wengi wakaingia Ukristo au Uislamu, waliobaki wakawa wanasali kwa kujificha. Sasa rudi usome tena ule ujumbe uliotumwa Babeli, huenda siku moja serikali ikapiga marufuku na hesabu ikaharibika. Waliouandika walikuwa wanawafikiria Warumi na Waajemi, lakini sentensi ilikuwa bado inafanya kazi, Afrika Mashariki, miaka ya sabini. Na ukiwa umejificha huna kalenda ya kuning'iniza ukutani, unachobaki nacho ni desturi ya nyumbani na kukisia. Mtu wa namna hiyo mi siwezi kumwambia siku ya pili haina maana.

Halafu angalia tarehe. Kampala ilianguka kwa jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa nao tarehe 11 Aprili 1979. Nilimwambia mzee hii tarehe juujuu tu, nikijua kitu gani kitafuata maana nishapiga hesabu kwenye simu, akaniambia ngoja, niletee kile kitabu. Ana kitabu cha kalenda ya miaka mia, kimechakaa. Akafungua, akapitisha kidole, akanitazama juu ya miwani. Tarehe 14 Nisani. Jioni ya siku ileile Pasaka iliingia. Nikamwambia Mbale iko mashariki zaidi, askari walifika huko baadaye, kwa hiyo Pasaka yenyewe huenda watu walikuwa bado wanasikiliza redio kwa sauti ya chini. Akasema hata Sederi ya kwanza Misri waliifanya mlango umefungwa, hawajatoka bado.

Halafu akauliza, hao askari wa Tanzania, walijua ni usiku gani?

Nikamwambia mzee, wale walikuwa wanamtafuta Amin tu, na Amin ashatoroka.